Mchanga Katika Uji

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Voi akiwa na begi moja la nguo na gunia moja lililomshinda kondakta wa basi kulinyanyua peke yake. Ndani ya gunia mlikuwa na jiwe lake la kusagia: lile kubwa la chini, jeusi, lililobonyea katikati kwa miaka mingi ya kusuguliwa, na lile dogo la kushika kwa mikono miwili. Alitoka Mahoo, upande wa Taveta, na alikuja kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alichokiona kilikuwa mwanga na vivuli tu, na hospitalini walikuwa wamemwandika kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji, asubiri kuitwa.

Nilipomwona mume wangu akishuka stendi na lile gunia begani, watu wakimtazama, niliona haya. Mimi nimezaliwa Voi, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi, na kwetu unga ulitoka dukani, kwenye pakiti. Tena mimi ni mwalimu. Sikutaka majirani waseme kwamba nyumbani kwa mwalimu kuna mtu anasagia chini sakafuni.

Lakini alisaga. Kabla jua halijatoka alipapasa ukuta hadi jikoni, akapiga magoti kwenye kona, akaanza. Wimbi la uji wa asubuhi, na siku nyingine njugu za kutia kwenye mboga. Tunaishi nyumba ya kupanga, sita kwa safu, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwenzake. Haikupita wiki, jirani yangu akaniuliza kwa upole kama tumenunua mashine.

"Mama," nilimwambia siku hiyo, "mashine ya kusaga iko hapo tu karibu na soko. Nitakuwa nakupelekea wimbi lako."

"Unga wa mashine unanuka moto," alijibu. "Hili jiwe nilipewa na mamangu siku naolewa. Limetoka upande wa ziwa Chala. Mikono yangu inalijua hata nikiwa nimelala."

Mume wangu ni fundi wa umeme Mombasa na hurudi kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo maneno hayo yalibaki kati yetu wawili, na binti yangu aliyekuwa darasa la tatu. Lazima niseme pia kwamba uji ule ulikuwa mtamu. Binti yangu, aliyekuwa akilazimishwa kula asubuhi, alianza kuomba kikombe cha pili.

Nafundisha jiografia shule ya upili. Muhula ule tulikuwa tumefika kwenye miamba, na mwalimu mkuu akatuambia kwamba afisa kutoka ofisi ya elimu angekuja Jumatano kutazama masomo, na darasa langu la kidato cha pili limechaguliwa. Nilifungua kabati la vielelezo. Mlikuwa na chupa za udongo, ramani iliyopasuka, na kipande cha mazeras, lile jiwe la manjano la kutandika uani ambalo limejaa kila mahali nchini. Hilo lilinitosha kwa miamba ya tabaka. Kwa mwamba wa volkano, miaka yote nilikuwa natumia picha ya kitabu.

Halafu nikakumbuka kile kilicho jikoni kwangu.

Ningeweza kumwomba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwomba. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimelilalamikia jiwe lile wiki nzima, na sasa kusema "mama, nisaidie jiwe lako" kungekuwa kumeza maneno yangu. Na nilijua Jumatano akina mama wa kanisa wanakuja kumchukua kwa maombi, hadi alasiri. Walipoondoka naye, niliita bodaboda, tukalifunga jiwe kubwa nyuma kwa mpira, nikaenda nalo shuleni.

Somo lilikwenda vizuri kuliko somo lolote nililowahi kufundisha. Niliweka mawe mawili juu ya meza, nikawaita wanafunzi wayaguse kwanza kabla ya kusema chochote. Kisha nikawauliza.

"La manjano lina mistari, mwalimu. Kama mkate wa kukatwa."

"La jeusi halina mistari. Lina vitundu."

Niliwaeleza kwamba la manjano lilizaliwa polepole, mchanga ukishuka majini punje kwa punje, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wa lililo juu ukalikaza lililo chini. La jeusi lilitoka ardhini likiwa moto, likitiririka, na vile vitundu ni mapovu ya hewa iliyotaka kutoka ikakuta jiwe limeshaganda. Nikatia tone la maji juu ya kila moja. Kwenye la manjano tone lilinywewa. Kwenye la jeusi lilikaa kwenye kitundu chake, liking'aa.

"Sasa sugueni kwa kidole," nikasema.

Walisugua. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua kidole chake, kimejaa unga wa manjano.

"La tabaka linatoka mchanga, mwalimu."

"Andikeni hivyo," nikasema. "Punje zake zimeshikana tu, hazikuyeyuka pamoja. Ukilisugua, zinaachana. La volkano halikuachii kitu."

Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya wanafunzi arobaini na afisa mmoja aliyekaa nyuma na daftari.

Hapo somo lilikuwa limetosha. Lakini afisa alikuwa anaandika, na mimi nikapata kiburi. Nikawaambia kwamba jiwe la zamani halisomwi kwa ngozi yake, kwa kuwa jua na mikono hubadilisha ngozi, husomwa ndani. Nikachukua nyundo. Nilitaka kumegua kipembe kidogo tu chini, mahali ambapo pasingeonekana. Nikapiga mara moja, halikusikia. Nikapiga ya pili. Ya tatu nikapiga kwa nguvu, na jiwe likapasuka katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, kama kwamba ufa ulikuwa umo ndani siku zote ukingoja mtu.

Wanafunzi walipiga makofi. Ndani lilikuwa na rangi ya kijivu iliyokolea, lina vitundu vidogo kuliko vya nje, na chembe ndogo ndogo zinazong'aa. Afisa mwenyewe alisimama akaja kuona. "Hivi ndivyo tunavyotaka," alisema. Nilitabasamu.

Kengele ilipolia nilibaki na vipande viwili mezani. Ningeweza kwenda nyumbani na vipande hivyo, nikae chini, niseme. Badala yake nilitoka nje kuvuta pumzi, na nje fundi alikuwa akitandika mazeras kwenye baraza ya ofisi. Kando yake palikuwa na bonge moja nene, halijapasuliwa bado. Nikalitazama. Ukubwa ulikuwa karibu ule ule.

"Fundi, hili laweza kuchongwa?"

"Hili? Hili ni laini, mwalimu. Linachongeka kama sabuni ya kipande. Unataka liweje?"

Nikamchorea kwa chaki sakafuni: urefu, upana, na bonde katikati. Aliniuliza ni la kazi gani. Nikamwambia la mapambo.

Kufikia saa tisa lilikuwa tayari. Nililipaka masizi na mafuta pembeni ili umanjano wake usimwonyeshe kitu, nikaliweka kwenye kona ya jikoni mahali pale pale. Jiwe dogo la mkononi lilikuwa halijaondoka nyumbani. Nikaliegesha juu ya lile jipya. Mama aliporudi kutoka maombini, nilimpokea mlangoni na kumwandalia chai.

Alfajiri iliyofuata nililala macho wazi nikisikiliza. Sauti ilianza, kisha ikakoma. Ikaanza tena. Ilikuwa sauti nyingine, ya kukwaruza.

"Mwanangu," aliita. "Uliligusa jiwe langu?"

Nilikwenda nikasimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili juu ya jiwe, akivizungusha polepole.

"Nililiosha, mama. Nilitumia brashi ya waya. Lilikuwa limeshika mafuta ya njugu."

Alichukua lile dogo, akalipima uzito, akalirudisha.

"Mtoto wake namjua," alisema. "Mama yake simjui."

"Litazoea tena, mama."

"Haya," alisema. "Kama umeliosha."

Uji wa asubuhi ile ulikuwa na mchanga. Nilijua kabla sijaonja. Binti yangu alikunywa funda moja akakunja uso. "Nyanya, kuna kitu kinasagika kwenye meno."

"Kunywa," nikamwambia.

"Lakini mama—"

"Nimesema kunywa."

Alikunywa huku akinitazama. Mimi nilisema nimechelewa kazini, nikaondoka bila kugusa kikombe changu.

Mama alidhani ni wimbi. Alilipepeta mara mbili, akaliosha, akalianika, akalipepeta tena. Mchanga haukuisha. Siku ya tatu alimwomba jirani amshike mkono hadi sokoni, kwa yule mama aliyetuuzia, mama mmoja wa bara anayeuza nafaka kwa miaka mingi na kuimba kwaya kanisa moja na jirani huyo. Jirani ndiye aliyenisimulia jioni, akicheka kwa aibu. Mama mkwe wangu alimwaga wimbi juu ya meza ya yule mama mbele ya wateja, akamwambia kwamba anachanganya mchanga ili kilo ijae, na kwamba Mungu anaona hata kama yeye haoni. Yule mama aliapa. Alipitisha vidole kwenye wimbi lile mbele ya watu wote, hakupata hata punje moja ya mchanga, na bado wateja wawili waliondoka.

Nilisikiliza yote hayo nikikata sukuma wiki. Nikasema, "Wazee wana mambo." Nililisema hilo.

Baada ya hapo hakulaumu mtu tena. Alianza kujilaumu mwenyewe. Alinunua wimbi kwa muuzaji mwingine, mchanga ukawa ule ule, na nadhani hapo ndipo alipoamua. Alasiri moja nilirudi mapema nikamkuta ameketi uani, anazungumza kwa simu na binti yake anayekaa Mwatate. Kitaveta nakisikia kiasi. Alikuwa akimwambia kwamba macho si kitu, macho yanaweza kutengenezwa, lakini sasa ni mikono. Mikono imeanza kusahau. Anashika kitu chake cha miaka yote na mikono inamwambia ni cha mtu mwingine. Mamake mwenyewe, alisema, alianza hivyo hivyo, kwanza akasahau vitu, halafu akasahau watoto.

Nilisimama nyuma ya nguo zilizoanikwa hadi alipomaliza. Kisha nikapita mbele yake na kumwamkia, kana kwamba ndio nimefika.

Akaacha kusaga. Alfajiri zikawa kimya. Jirani alinishukuru. Mama sasa alikaa kitini akisubiri nimletee chai na mkate, na kila nilipompa kitu mkononi alikipapasa kwa muda mrefu, kikombe, kitana, leso yake mwenyewe, kisha akauliza, "Hiki ni changu?" Mara ya kwanza nilidhani ananijaribu. Hakuwa akinijaribu. Alikuwa anauliza.

Nilijiambia nitamwambia mume wangu akirudi. Aliporudi, mamake alimwambia mwenyewe kuhusu mikono, naye alihuzunika sana. Jumapili alipokuwa akifunga begi aliniuliza kama tumpeleke kwa daktari wa akili. Nikasema tungoje kwanza macho.

Halafu hospitali ikapiga simu. Nafasi imepatikana, mlete Jumatatu, jicho la kulia. Kila mtu nyumbani alifurahi. Mimi moyo ulinianguka. Nitaandika hapa neno ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwa siku mbili nzima, nilipokuwa nikipanga nguo zake, nilitamani waahirishe. Nilitamani mwanamke yule aendelee kutoona, wiki moja, mwezi mmoja, ili nisionekane.

Walimfanyia Jumatatu, na Jumanne asubuhi walimfungua bandeji. Nilikuwa mbele yake. Alipepesa jicho, likatoa machozi, akanitazama usoni muda mrefu.

"Umekonda," alisema.

Tulirudi kwa tuktuk. Alikuwa amevaa miwani myeusi aliyopewa, na alikuwa kama mtoto. Vumbi la Voi jekundu hivi! Na ile milima pale, ni Mbololo? Nani alipaka kituo cha mafuta rangi hiyo? Alinishika goti kila mara kunionyesha kitu. Nilikuwa na njia yote, dakika kumi na tano, ya kusema. Nilisema ndiyo mama, ni Mbololo.

Nilikuwa nimelifunika jiwe kwa gunia, nikaweka sufuria juu yake. Aliingia jikoni moja kwa moja, bila kukaa. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Nilipomfikia alikuwa amechuchumaa, miwani mkononi, analitazama. Mazeras, lililochujuka masizi, la manjano, na mistari yake yote.

"Hili si jiwe langu," alisema.

"Si lako, mama."

Sikujua angefanya nini. Niliwazia matusi, niliwazia kilio. Alinyanyua mikono yake miwili, akaigeuza huku na huku mbele ya jicho lake jipya.

"Kwa hiyo mikono yangu ni mizima," alisema.

Akakaa chini sakafuni kabisa, akaegemea ukuta, akafumba macho. Nikakaa na mimi. Nilimwambia yote, kuanzia bodaboda hadi simu niliyoisikiliza nyuma ya nguo. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye nyundo, aliuliza tu, "Ndani lilikuwaje?"

"La kijivu, mama. Lina vitundu vidogo, na vitu vinavyong'aa."

"Sikuwahi kujua," alisema.

Nikaanza kuomba msamaha. Akainua kiganja kuninyamazisha.

"Mwalimu, sikia. Jiwe ningekusamehe siku hiyo hiyo. Jiwe huvunjika. Mamangu naye alivunja la mamake. Lakini uliniacha nikamtukana yule mama wa sokoni mbele ya watu. Uliniacha nikamwambia mwanangu nawa kichaa. Ulikuwa unanipitia hapa kila siku, unanisalimia."

Kabla ya hapo alikuwa ananiita mwanangu.

"Nyanyuka," alisema. "Tunaenda sokoni."

"Mama, jicho. Wamesema upumzike."

"Nyanyuka."

Tulikwenda. Sikumshika mkono, alikataa. Yule mama muuza nafaka alipomwona anakuja, alisimama na kufunika magunia yake kwa mikono, kana kwamba yatamwagwa tena. Mama mkwe wangu alimwambia, "Dada, nilikukosea. Naomba radhi. Na huyu mwalimu ana neno la kukuambia." Kisha akasogea pembeni akaniacha mbele ya meza.

Kulikuwa na wateja. Kulikuwa na mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, ameshika mfuko wa maharagwe. Nilisema kwamba mchanga haukuwa kwenye wimbi, ulitoka kwenye jiwe, na jiwe nililiweka mimi, nikijua. Sauti yangu haikutoka vizuri, na yule mama alisema hakusikia, basi nikarudia. Alinitazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira. "Na ulijua?" aliuliza. "Ulijua, ukapita hapa Jumamosi ukanunua ndengu kwangu?" Nikasema ndiyo. Akageuka kumpimia mteja mwingine.

Mamake alimpigia simu, na mume wangu akaja usiku ule ule. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema tu, "Nilikuwa namtafutia mamangu daktari wa akili," akaenda kulala kwenye kochi. Siku tatu baadaye, jicho lilipokaguliwa tena, alimrudisha mama Mahoo. Niliwaambia ningevileta vile vipande viwili kutoka shuleni. Mama alisema vibaki huko, watoto wasome, yeye hana haja navyo. Alibeba lile jiwe dogo peke yake, ndani ya begi la nguo.

Jicho la kushoto alifanyiwa miezi mitano baadaye. Safari hii alifikia kwa binti yake Mwatate, na nilienda hospitalini kumwona nikiwa mgeni, na matunda kwenye mfuko. Alinipokea vizuri. Aliuliza habari za mjukuu wake, habari za shule. Tangu hapo tunakwenda Mahoo kila likizo, na hunikaribisha, hunipa kazi pamoja na wanawake wengine wa boma, tunamenya ndizi, tunacheka. Mtu wa nje hawezi kuona chochote.

Ila nikimwambia chai ina sukari, anaionja kwanza kabla ya kuweka kijiko chini. Nikimwambia mvua imenyesha Voi, anamgeukia mwanawe, anamwuliza kwa Kitaveta, taratibu, kama imenyesha kweli.